Mgeni na Neno Geni: Utangulizi

Kila aliyesoma sekondari Kenya au Tanzania amewahi kukutana na swali la sampuli hii: tunga sentensi mbili ukitumia neno "mgeni", kwanza kama nomino, kisha kama kivumishi. Aliyejiandaa haoni taabu. Anaandika "Mgeni amefika", chini yake anaandika "Mtu mgeni amefika", anajipatia alama zake mbili na kusonga mbele.

Utangulizi huu ni wa yule ambaye, baada ya kutoka chumba cha mtihani, alibaki akijiuliza: ikiwa neno ni lilelile, herufi tano zilezile, kimebadilika nini hasa? Karibu. Swali lako ni miongoni mwa maswali makongwe katika taaluma ya sarufi, na Kiswahili kina mengi ya kulichangia kuliko vitabu vyetu vya shule vinavyoonyesha.

Tuanze na historia kidogo, maana wengi hudhani nomino na kivumishi ni vitu viwili tangu dunia iumbwe. Sivyo. Mwanafunzi wa nahau ya Kiarabu katika madrasa zetu za pwani hufundishwa mapema kabisa kwamba maneno ni ya aina tatu: ismu, fiili na harfu. Huo ndio mgawanyo ambao Sibawayhi, Mwajemi aliyefanya kazi Basra katika karne ya 8, alifungulia kitabu chake kikubwa cha sarufi. Humo kivumishi hakina chumba chake. Neno lenye maana ya kitabu na neno lenye maana ya -kubwa yote mawili ni ismu. La pili linalifuata la kwanza na kulisifu, basi. Wagiriki nao walikuwa hivyohivyo. Sarufi ya kale inayohusishwa na Dionysius Thrax, wa karne ya 2 kabla ya Kristo, inahesabu aina nane za maneno, na kivumishi hakimo: kimefichwa ndani ya jina. Ni wanasarufi wa Kilatini wa Ulaya ya Zama za Kati walioanza kutenga jina linalosimama peke yake na jina linaloegemea jingine, na ikachukua karne kadhaa zaidi kabla hilo la kuegemea halijapewa nafasi yake kamili.

Mgawanyo huo, ukiwa bado mbichi, ndio ulioingia katika sarufi za kwanza zilizochapishwa kuhusu Kiswahili: ile ya Ludwig Krapf ya mwaka 1850, kisha ile ya Edward Steere ya mwaka 1870 ambayo wageni wengi waliitumia kujifunzia lugha ya Unguja. Si kosa lao. Kila mtu hupima nguo kwa kipimo alichonacho. Ila sisi tunaoishi ndani ya lugha hii hatuna sababu ya kukipokea kipimo kile bila kukitazama.

Sasa tazama maneno yetu wenyewe, polepole. Mti mrefu, miti mirefu. Kisha: mti wangu, mti huu, mti umeanguka. Umeona? Neno -refu limechukua m-, kiambishi kilekile kilichoko kwenye nomino "mti". Lakini -angu, kionyeshi na kitenzi vimekwenda upande mwingine, upande wa u-. Katika ngeli ya KI-VI tofauti hii haijitokezi vizuri, na nadhani ndiyo maana watu wengi wanamaliza shule bila kuiona. Nenda kwenye I-ZI utaiona tena: nyumba ndogo, yenye n- yake ileile ya nomino, lakini nyumba yangu, nyumba hii, nyumba imebomoka.

Kwa maneno mengine, kivumishi cha sifa cha Kiswahili kinavaa vazi la nomino. Vimilikishi, vionyeshi na vitenzi vinavaa vazi jingine kabisa. Shuleni tunawekewa "mzuri" na "wangu" katika kapu moja lililoandikwa vivumishi, ilhali lugha yenyewe, kwa umbo, inawaweka "mzuri" na "mti" upande mmoja na "wangu" na "umeanguka" upande wa pili. Mimi huliona jambo hili kuwa kubwa kuliko yote yatakayofuata katika kurasa hizi.

Hapo ndipo wepesi wa "mgeni" unapotoka. Mzizi -geni ukishavaa m-, tayari unafanana na mtu, mke, mtoto. Nomino iliyotangulia ikidondoka, hakuna anayeona pengo. Neno limekwisha vaa, linasimama na kutembea lenyewe: wageni wawili, mgeni wetu, wageni waheshimiwa.

Je, lugha nyingine zinafanyaje? Mwaka 1977 mwanaisimu R. M. W. Dixon alichapisha makala mashuhuri akiuliza vivumishi vimekwenda wapi, kwa kuwa aligundua kuwa lugha nyingi duniani zina vivumishi vichache mno. Mfano unaotajwa sana ni Kiigbo cha Nigeria, ambacho inasemekana kina vinane tu: vyenye maana ya -kubwa na -dogo, -pya na -kuukuu, -zuri na -baya, -eupe na -eusi. Tazama orodha hiyo vizuri. Yote manane tunayo kwa mizizi yetu inayobeba viambishi. Kiswahili kina zaidi ya hapo, lakini si zaidi sana; ukikaa na kalamu mchana mmoja unaweza kuiandika karibu mizizi yote ya namna hiyo. Kinachobaki lugha inakitafuta kwingine: inaazima kutoka Kiarabu, inatumia -enye, inatumia -a unganifu, au inaichukua nomino na kuiweka moja kwa moja nyuma ya nomino nyingine. Msikilize mtangazaji wa mpira. Refa anatoa kadi nyekundu. -Ekundu ni mzizi wa asili, unapatanishwa bila dalali. Lakini onyo la kwanza ni kadi ya njano, kwa sababu njano imetoka kwenye manjano, kiungo cha jikoni, na bado inahitaji -a ili iingie kwenye kazi ya kusifu.

Turudi kwa mwanafunzi wetu. Nina kipimo kimoja ninachopenda kuwapa wanaoanza, nacho hakihitaji istilahi yoyote: litoe neno kwa watu na wanyama, lipeleke ngeli nyingine, uone kama litabadili vazi. Chukua "mgeni". Jambo geni, mambo mageni, kitu kigeni, sauti ngeni. Limebadilika kila mahali. Basi -geni ni kivumishi kwa asili, na "mgeni" wa "Mgeni amefika" ni kivumishi kilichoajiriwa kama nomino mpaka kikapata cheo cha kudumu.

Chukua sasa "mwizi". Tunasema paka mwizi, paka wezi, mtumishi mwizi. Linasifu vizuri sana, hata kwa hasira. Lakini hakuna kitu kiizi wala jambo izi. Likitoka kwa viumbe, halina nguo ya kuvaa. Hii ni nomino inayoazimwa kusifu, na kazi ikiisha inarudi kwao.

"Kijana" ni bora zaidi kwa somo hili. Mwalimu kijana, walimu vijana. Idadi imepatana, lakini ngeli haikupatana: hakuna mwalimu mjana wala walimu wajana. Neno limekuja kazini na nguo zake za KI-VI na linakataa kuzivua. Vivyo hivyo daktari mwanamke, madaktari wanawake. Vitabu vingi vya shule nchini Kenya vimeyapa maneno haya fungu lao, vivumishi vya nomino, na fungu hilo linafaa kwa mtihani. Hofu yangu ni kwamba mwanafunzi akishalikariri, haoni tena kwamba "mgeni" na "kijana" wamefika kwenye kiti kimoja kwa njia mbili tofauti kabisa.

Kwa kuwa tumemtaja mwanamke, kuna muundo unaostahili kutazamwa kwa karibu. Samia Suluhu Hassan alipoapishwa tarehe 19 Machi 2021, Tanzania ilipata, kwa lugha ya habari, rais wa kwanza mwanamke. Wengine huandika rais mwanamke wa kwanza. Miundo yote miwili ni safi masikioni. Maana yake ni kwamba "mwanamke" hapa linaweza kusogea mbali na nomino linayoisifu, kama vivumishi vingine vinavyosogea. Linganisha na askari kanzu, yule polisi asiyevaa sare. Unasema askari kanzu wawili. Ukisema askari wawili kanzu, msikilizaji atasubiri umalizie sentensi. "Kanzu" halisifu tena, limeshonwa kwenye "askari" na kuwa jina moja. Mbwa koko ni hivyohivyo. Kwa hiyo nomino mbili zikifuatana usikimbilie kusema ya pili ni kivumishi. Jaribu kwanza kuzitenganisha.

Si kila neno litatii kipimo changu. "Mzee" linasitasita: mtu mzee, simba mzee, hata jibwa zee na majibwa mazee, lakini shati haliwi zee, huwa kuukuu. Na -jinga nayo: mtu mjinga, watu wajinga, ila swali huwa la kijinga. Haya ni maneno yaliyosimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje, na mtafiti kijana akitafuta mada ya tasnifu asiende mbali.

Na kuna "tajiri". Ukiwa na matajiri wawili, una nomino yenye wingi wa ma-. Ukisema watu matajiri, nomino hiyo imekuja kusifu na wingi wake, kama vijana. Lakini sema nchi. Ni nchi tajiri, moja au kumi. Nchi matajiri haipo. Neno moja, likiwa na watu linajifanya nomino, likiwa na vitu linajifanya kivumishi cha Kiarabu kisichobadilika. Bado sijasoma maelezo yanayoniridhisha juu ya hilo.

Maneno ya asili ya Kiarabu yanatuingiza katika mtaa mwingine, mtaa wa maneno yasiyo na kiambishi kabisa. Hapa kipimo cha mavazi hakisaidii, maana hakuna vazi. Sahihi hii si sahihi: sentensi hiyo fupi unaweza kuisikia kwenye kaunta ya benki yoyote, karani akiishika hundi na kuitazama mara mbili. "Sahihi" ya kwanza ni nomino ya I-ZI, alama ya mkono wa mtu. Inafuatwa na "hii", na ungeweza kuimiliki: sahihi yake, sahihi zao. Ya pili inaeleza hali. Kinachozitofautisha ni jirani zake tu, maana umbo limenyamaza. Waalimu wanaotaka mfano mzuri wa swali la mtihani wauchukue huo, ni bora kuliko mgeni.

"Baridi" nalo hivyohivyo. Baridi ya Njombe mwezi wa Julai ni nomino, tena yenye kivumishi chake: baridi kali. Maji baridi ni kivumishi. Lakini "moto" ni neno letu la Kibantu, nomino ya U-I yenye m- yake wazi, na bado tunasema chai moto, uji moto, bila upatanisho wowote, sambamba na chai ya moto na uji wa moto. Kwa sikio langu muundo wenye -a ndio wa kawaida zaidi siku hizi, huku ule wa kuweka nomino mbili bega kwa bega ukibaki imara kwenye majina: kuna Maji Moto huko Narok, na kuna Majimoto mkoani Katavi. Majina ya mahali mara nyingi hutunza miundo ambayo mazungumzo yameanza kuiacha, na atakayepita ramani ya Afrika Mashariki akiwa na swali hili kichwani atarudi na mzigo.

Mpaka hapa nimezungumzia maneno yaliyokwisha kubaliwa katika kamusi. Lipo jambo jingine linalofanana nalo ambalo wanafunzi hulichanganya kila mwaka. Nenda sokoni, simama kwenye fungu la machungwa, sema: nipe makubwa. "Makubwa" hapa si nomino ya kamusi. Ni kivumishi kilichoachiwa kazi ya nomino kwa dakika hiyo, kwa sababu machungwa yapo mbele ya macho ya wote wawili. Shuleni tunakiita kiwakilishi, na jina hilo linafaa. Ukisema "wakubwa wamekuja" ofisini, mambo ni tofauti: hakuna haja ya kuwa na kitu chochote mbele ya macho, kila mtu anajua ni mabosi, na watu wanaanza kufunga vifungo. "Mkubwa" huyo amehamia kwenye nomino kabisa. Kisha kuna yule jirani anayeshika kiuno baada ya kusikia habari za mtaani na kusema, "Makubwa!" Nomino iliyodondoka ni mambo, lakini hakuna anayeifikiria tena, limekuwa neno la mshangao.

Methali zetu zimejaa mchezo huu. Mvumilivu hula mbivu. Hakuna nomino hata moja ya asili humo ndani. "Mvumilivu" ni kivumishi kilichotokana na kuvumilia, kikavaa m- na kuwa mtu. "Mbivu" ni kivumishi kilichoachwa na nomino yake, lakini tazama kiambishi: si mabivu, si kibivu. Nomino iliyoondoka imeacha nyayo. Ilikuwa ya ngeli ya I-ZI, ndizi pengine, au embe kwa wale wanaosema embe hizi. Na ile ya mjinga akierevuka mwerevu yu mashakani inafanya zaidi: vivumishi viwili vimekuwa watu wawili, na kimojawapo kimekuwa kitenzi katikati ya sentensi. Kipya kinyemi ingawa kidonda. "Kipya" ni kipi? Chochote cha KI-VI, na methali inataka kiwe chochote.

Kuna watakaouliza kama haya yana faida nje ya darasa. Yanayo, na faida yenyewe ni ya kisasa. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alitumia miaka mingi kutengeneza SALAMA, mfumo wa kompyuta wa kuchanganua matini ya Kiswahili, na kazi ya namna hiyo inalazimika kuamua, kwa kila neno la kila sentensi, kama ni nomino au kivumishi. Mashine haina huruma ya mwalimu. Ikikutana na "walimu vijana wawili" lazima ijue wawili ni walimu, na vijana wanawasifu. Ikikosea, tafsiri inatoka na watu wanne. Vikagua tahajia, kamusi za simu na programu za kutafsiri vyote vinasimama juu ya maamuzi haya madogo.

Wataalamu hawajakubaliana, na msomaji asitishike na hilo. Wako wanaosema tuna maneno mawili, mgeni nomino na mgeni kivumishi, yanayofanana kwa umbo. Wako wanaosema neno ni moja na limehama kutoka jamii moja kwenda nyingine bila kuongezewa kitu. Na wako wanaosema neno halina jamii hata kidogo hadi liingie kwenye sentensi. Kauli hii ya mwisho inavutia vijana kwa sababu inaonekana kumaliza ugomvi wote. Mimi siikubali. Ingekuwa kweli, "mwizi" na "mgeni" wangetenda sawa, na tumekwisha kuona kwamba hawatendi sawa. Sentensi inatoa kazi, lakini neno halifiki mikono mitupu. Kazi na asili ni maswali mawili, na kosa linalojirudia katika vitabu vyetu ni kuyajibu kama swali moja.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wenzangu. Tuache kuuliza "neno mzee ni la aina gani?" bila kuweka sentensi mbele ya mwanafunzi, swali hilo halina jibu. Na mwanafunzi akikuambia kwamba "vijana" katika "walimu vijana" ni kivumishi, mpe alama yake, kisha muulize mbona hatusemi walimu wajana. Akinyamaza na kufikiri, usimharakishe.